Mama Chokaa

Mwanangu wa kwanza aliishi siku tatu. Habari zake zilisimuliwa hapa Somanga kwa miaka tisa, na aliyezisimulia ndiye aliyemwogesha. Sasa nazisimulia mimi.

Aliyemwogesha ni mama mkwe wangu, Bi Maftaha. Mimi kwetu ni Nyangamara, kwa wakulima wa ufuta na mihogo. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa Somanga na Ridhiwani, mwanawe mkubwa, mwenye kibanda cha vipuri vya pikipiki kando ya barabara kuu. Bi Maftaha hakunichukia. Alinichukua kama mtu aliyeletwa kwake kufundishwa. Nikikuna nazi, alikirudia kifuu kuona nimeacha kiasi gani. Nikitoka bafuni aliuliza kama huko porini kwetu watu huoga siku ya Idi peke yake, kisha akacheka, nami nikacheka, kwa sababu nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa na pengine pa kutazama.

Mtoto alizaliwa zahanati, Jumanne asubuhi, mwezi wa saba mwaka 2015. Alikuwa na kilo mbili na gramu mia mbili. Mgongoni, makwapani na kwenye mikunjo ya mapaja alikuwa na utando mweupe, mzito kama samli iliyoganda. Mkunga, nesi Flora, alimkausha, akamlaza kifuani pangu bila nguo, akatufunika wote wawili kwa khanga mbili. Akasema utando ule si uchafu, ni nguo aliyotoka nayo tumboni, na utanyonywa na ngozi wenyewe. Akasema nisimwogeshe siku ile wala kesho yake, na kwa udogo wake ingefaa kungoja zaidi. Damu ifutwe kwa kitambaa kikavu, avikwe kofia, akae kifuani. Nilimsikia vizuri. Bi Maftaha naye alikuwepo, amesimama mlangoni na kikapu.

Lakini hapa kwetu utando ule una maneno yake. Wanawake wanauita chokaa. Wanasema unatoka kwa baba, kwamba mume na mke hawakuwa na subira miezi ya mwisho, basi mtoto anazaliwa amepakwa ushahidi. Hakuna anayeyasema maneno hayo mbele ya wanaume. Kinachofanyika ni kwamba mtoto huogeshwa upesi, kabla jirani hajaja kumtazama.

Tulirudi nyumbani adhuhuri. Kuni zilikuwa zinawaka uani na sufuria kubwa ya maji ilikuwa inatokota, kwa sababu mzazi lazima akandwe. Shoga yake Bi Maftaha alinilaza mkekani, akachovya kitambaa katika maji yale, akakikamua na kunigandamizia tumboni na kiunoni mpaka nikauma khanga. Sufuria yote ile ilikuwa yangu. Nikiwa nimelala hivyo nilisikia Bi Maftaha akimtuma bintiye, Kudra, ambaye wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, akachote ndoo kisimani. Kisha nikasikia sauti ya maji kwenye beseni, na mtoto akilia.

Nilisema, "Mama, nesi amekataza."

"Nesi hatakaa na aibu hii," akajibu kutoka uani. "Wewe kandwa."

Nilimwona kupitia mlangoni. Alikaa juu ya kibao, miguu ameinyoosha, mtoto kalazwa juu ya miundi yake, na upepo wa kusi unapita uani moja kwa moja. Alimsugua kwa kitambaa na sabuni ya mche. Chokaa haitoki kwa urahisi, kwa hiyo alisugua, akamwagia, akasugua tena. Mtoto alilia kwa nguvu, kisha kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza. Bi Maftaha akasema amenyamaza kwa sababu ameona raha ya maji. Mimi nilikuwa natokwa jasho kwa maji ya moto, na mwanangu yuko hatua tano kutoka nilipolala.

Usiku ule alinyonya kidogo. Jumatano alinyonya pungufu ya hapo. Alhamisi asubuhi miguu yake ilikuwa kama samaki wa kwenye barafu, tukambeba kwenda zahanati. Nesi Flora akampima joto, akatutazama.

"Mmemwogesha?"

"Hatujamwogesha," akasema Bi Maftaha.

Nami nilikuwa nimekaa pale, nikanyamaza. Nimeambiwa tangu utoto kwamba mkwe hakanushwi mbele za watu. Nesi alifanya alichoweza, akamlaza kifuani pangu, akapiga simu atafutiwe gari la kumpeleka hospitali. Gari lilipofika, aliyepaswa kupanda hakuwepo tena.

Tulimzika siku ile ile, alasiri. Msibani Bi Maftaha alilia kuliko mimi. Na katikati ya kilio, kwa sauti ile ya chini ambayo kila mtu huisikia, aliwaambia wanawake kwamba mtoto alikuja na chokaa hadi masikioni, vijana wa siku hizi hawana subira, na mtoto wa namna hiyo hakai. Baada ya wiki mbili nilikuwa kisimani, nikamsikia mwanamke akimwambia mwenzake, mpishe Mama Chokaa achote. Jina likashika. Watoto walilisema bila kujua maana yake. Hata muuza maandazi alinihesabia maandazi yangu akaniuliza, "Mama Chokaa, unalipa leo au kesho?"

Nilipopata mimba ya pili niliondoka ikiwa na miezi saba, nikaenda kujifungulia kwa mama yangu Nyangamara. Nilirudi binti yangu Imani ana miezi mitatu. Bi Maftaha alisema nimemficha mjukuu kama mwizi wa kuku. Kwa miaka tisa sikumjibu neno baya hata moja. Nilimchemshia chai, nilimfulia, nilimpikia dagaa kama anavyopenda, na nazi nzito. Watu walisema Bi Maftaha amepata mkwe. Nilikuwa nangoja, ila nilikuwa sijui nangoja nini.

Mwaka jana Kudra aliporudi nyumbani na tumbo la miezi minane, nikajua.

Alikuwa ameolewa Kinjumbi, na desturi ni kwamba mimba ya kwanza msichana anakuja kuzaa kwa mama yake. Kudra ni mtu mwema. Tangu utoto ananiita wifi kwa sauti ya kunidekea, na hajawahi kuniita lile jina jingine. Nililikumbuka hilo kila siku ya mwezi ule, na halikunisaidia. Nilikuwa namtazama tumbo nikiomba Mungu mtoto aje na chokaa.

Akaja nayo. Alizaliwa alfajiri, wa kiume, kilo mbili na robo, mweupe mgongo mzima. Bi Maftaha alipomwona uso ulimbadilika rangi. Mkunga wa sasa si Flora, ni binti mgeni, lakini maneno yake yalikuwa yale yale: msimwogeshe, kofia, kifuani. Alitaka walale zahanati hadi kesho. Bi Maftaha akamsihi asubuhi nzima, kwamba wakwe wanatoka Kinjumbi alasiri kumwona mjukuu wao na haifai kuwapokelea kwenye benchi. Mkunga akakubali kwa shingo upande, akaniangalia mimi akayarudia maelezo yake yote, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naitikia kwa kichwa.

Nyumbani niliwasha kuni. Nikabandika sufuria ile ile. Kudra akalala mkekani, shoga yake mama akaanza kumkanda, na mtoto akawekwa kwenye khanga kitandani. Bi Maftaha alikuwa anaenda na kurudi, anachungulia njia.

"Nasma," akaniita. "Lete beseni uani. Na ndoo ile ya kisimani."

"Nesi amekataza, mama," nikasema. Nilitaka niwe nimesema, kama mara ile.

"Mkwe wangu yuko njiani na mtoto kapakwa hivi. Unataka Kinjumbi nzima waseme nini juu ya mwanangu? Lete beseni."

Nikaleta beseni. Nikamimina maji ya kisimani, baridi, mpaka nusu. Nilikuwa nahesabu. Leo, kesho, kesho kutwa. Siku tatu tu, wala sitakuwa nimefanya lolote isipokuwa kutii. Niliona msiba, niliona mikeka uani, niliona Bi Maftaha akilia, na safari hii kilio ni chake. Sioni sababu ya kuficha kwamba niliona yote hayo na moyo wangu ukawa mtulivu kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2015.

Alikaa kwenye kibao, akanyoosha miguu.

"Nipe mtoto."

Nikaingia kumchukua. Nilimvua nguo. Alikuwa na joto la mkate uliotoka kwenye mkaa. Nikamfunga ndani ya khanga, na nikiwa nimesimama pale na mtoto mkononi nikamsikia Bi Maftaha akimwambia shoga yake kupitia dirishani, kwa ile sauti yake ya chini, "Nilimwonya Kudra kuhusu mumewe. Hawa watoto hawasikii."

Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Mtoto huyu akifa, mama huyu atalia, kisha atasema ni chokaa. Atamtwisha Kudra kama alivyonitwisha mimi. Atazeeka na kufa akiamini kwamba yeye alikuwa msafi na wajukuu wake walikuja na balaa zao. Kulia si kujua. Nami sikutaka alie. Nilitaka ajue.

Sikutoka kwa mlango wa uani. Nilipita ukumbini, nikatokea barazani. Wageni walikuwa ndiyo kwanza wanavua viatu: Bi Amina, mama wa mume wa Kudra, na dada yake mkubwa ambaye hasikii vizuri. Niliwaamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyo ndiye bwana wetu?"

"Ndiye."

Nikapiga magoti, nikauweka mgongo wangu upande wa upepo, nikaifungua khanga kidogo, mgongo wa mtoto ukaonekana.

"Kaja na chokaa, mama," nikasema. Nilisema kwa sauti ya kawaida, wala sikunong'ona. "Bi Maftaha yuko uani na beseni, anataka kumwogesha mje mumkute safi. Nesi amekataza kwa sababu mtoto ni mdogo na atapoteza joto. Wangu naye alikatazwa. Bi Maftaha akamwogesha siku ile ile kwa maji ya kisimani, na siku ya tatu tukamzika. Huyu ni mjukuu wenu. Semeni aogeshwe au asiogeshwe."

Nyuma yangu Bi Maftaha alikuwa amekwisha kufika. Nilijua kwa harufu ya sabuni ya mche.

"Nasma. Umerukwa na akili."

Bi Amina hakumtazama. Alinyoosha kidole, akagusa bega la mtoto, akakitazama kidole chake. Nilidhani atasimama aondoke. Akatoa pumzi puani, kama mtu anayecheka peke yake.

"Chokaa," akasema. "Baba yake alikuja nayo hadi kwenye kope. Mama yangu alimfuta mlango umefungwa, akaniapisha nisimwambie mtu." Kisha ndipo akainua uso. "Nawe una wanne, mkwe wangu. Hakuna aliyekuja nayo?"

Bi Maftaha alikuwa amesimama, mikono inachuruzika maji juu ya sakafu.

"Sema tu," akasema Bi Amina. "Hapa ni wanawake."

"Watatu," akasema Bi Maftaha.

Watatu. Ridhiwani, mume wangu, alikuwa mmoja wao. Miaka tisa nilibeba jina lile kisimani na dukani na msikitini, na mwanamke aliyenibandika alikuwa amelifuta kwa mikono yake mwenyewe kutoka kwenye migongo ya watoto watatu. Nilimfunika mtoto tena kwa khanga.

"Mrudishe kwa mama yake, kifuani," akasema Bi Amina. "Na hayo maji ya beseni mwagieni mchicha."

Dada yake akauliza kwa sauti kubwa kumetokea nini. Bi Amina akamwambia sikioni, na yule bibi akasema, ili nyumba nzima isikie, kwamba wa kwake wote saba walikuja hivyo, na miezi ya mwisho mumewe kila mara alikuwa safarini Mafia.

Walikunywa chai, wakala visheti, wakaondoka kwa wema. Jioni Ridhiwani aliniuliza kama ilikuwa lazima kusema mbele ya wageni. Nikamwambia msibani kulikuwa na wageni wengi zaidi.

Kudra hakusema nami siku mbili. Ana haki. Nilichukua siri ya mwili wake nikaitandika barazani mbele ya wakwe zake, na sikumwomba ruhusa. Siku ya tatu niliamka mapema nikaenda kusimama mlangoni kwake, nikamsikiliza mtoto akinyonya, ana pupa, anakoroma kama mzee. Siku ile nilikaa chumbani kwangu hadi adhuhuri na nikamlilia mwanangu, jambo ambalo sikupewa nafasi ya kulifanya alipokufa.

Siku ya nne mkunga alipita, akampima, akasema joto lake ni zuri na ameanza kuongezeka, sasa anaweza kuogeshwa, upesi na ndani. Kudra akanitazama.

"Wifi, nani atamwogesha?"

"Mimi," nikasema. "Mama atashika taulo."

Bi Maftaha alikuwa mlangoni. Akaja.

Nilifunga mlango na dirisha. Nguo kavu, kofia na taulo nikavipanga kitandani kabla ya kumgusa mtoto, ili nisije nikamwacha nikaenda kutafuta kitu. Nilimimina maji baridi kwanza, kisha ya moto juu yake, nikachanganya. Maji hayakufika hata shubiri moja. Bi Maftaha akainama akatia mkono.

"Si kiganja, mama. Kiganja chako kimeshika masufuria miaka arobaini, hakina habari. Kiwiko."

Akapandisha mkono wa gauni. Akachovya kiwiko, akakiacha humo.

"Yakoje?"

"Vuguvugu."

"Yale yalikuwaje?"

Kudra akaacha kukunja nguo. Bi Maftaha alikuwa bado ameinama, kiwiko ndani ya maji, na sikumwondolea beseni.

"Baridi," akasema. "Yalikuwa ya baridi."

"Na nesi alipouliza?"

"Nilisema hatujamwogesha."

Nikamwambia asogee. Nilimshika mtoto, mkono wangu wa kushoto chini ya shingo na vidole vimeshika kwapa lake la mbali, nikamteremsha miguu kwanza. Nilimpitishia kitambaa macho, bila sabuni, kisha shingoni, makwapani, mikunjoni. Chokaa haikuwepo tena. Ilikuwa imeingia yenyewe, kama tulivyoambiwa na wakunga wawili, na ngozi yake ilikuwa laini. Kichwa nilikiosha mwisho, kwa kuwa joto la mtoto hutokea hapo. Kila nilichofanya nilikisema kwa sauti, polepole, na kila nilipokisema nilimtazama Bi Maftaha mpaka akaitika. Maji yalikuwa bado na joto nilipomtoa. Hakulia hata mara moja.

"Taulo."

Aliifungua, nikamweka mtoto ndani yake, na kwa muda alikuwa mikononi mwake. Nilimwachia. Nilitaka ahisi jinsi alivyo na joto. Akamkausha kichwa, akamkausha mgongo, akakausha kuzunguka kitovu bila kupaka kitu, akamvika kofia. Kisha akampa Kudra, na Kudra akamlaza kifuani.

Tukabaki mimi naye tumeinama juu ya beseni. Alikuwa ameshika ile taulo mbichi kama mtu asiyejua pa kuiweka. Nilimwona amezeeka, na sikumhurumia.

"Nasma," akasema. "Yule mtoto. Mlimpa jina?"

Miaka tisa hakuwahi kuuliza. Alikuwa amemwita yule, amemwita wa chokaa, msibani alimwita malaika. Jina tulimpa usiku ule wa kwanza, mimi na Ridhiwani, tukamnong'oneza sikioni. Mama yangu analijua. Limeandikwa kwenye daftari langu la shule, ukurasa wa nyuma.

"Tulimpa," nikasema.

Akangoja. Alingoja kweli, ameinua uso, macho yamejaa, na Kudra naye kitandani anangoja.

"Kamwage maji, mama."

Akaliinua beseni kwa mikono miwili, akatoka nalo.